Mwalimu wa Sayansi na Kijana wa Jikoni

Ukimwuliza habari ya asubuhi, mwalimu wetu wa sayansi alisimama kwanza akafikiri. Hakujibu "nzuri" kwa mazoea kama sisi wengine. Alitazama juu, akapima usingizi wa jana, goti lake la kushoto na chai aliyokunywa, ndipo akajibu, "Nusu." Siku nyingine alisema, "Leo nzuri kidogo. Jana ilikuwa zaidi." Mlinzi wa lango la shule alimvizia makusudi kila asubuhi ili asikie habari za siku hiyo zimetoka kiasi gani, na zikishuka chini ya nusu alimbebea mkoba mpaka ofisini.

Alitoka Kerala, kusini kabisa mwa India, akaja kwa mkataba wa ualimu katika ile miaka ya sabini ambapo shule za sekondari zilikuwa zinachipuka kila mahali na walimu wa sayansi ni haba kama mvua ya Kitui. Nilimkuta hapo nilipoajiriwa kufundisha Kiswahili, katika shule moja iliyokuwa mwendo mfupi kutoka barabara ya Jogoo, Nairobi. Wahindi tuliowajua wakati huo walikaa Ngara na Parklands, na tuliwaona wakiwa nyuma ya kaunta. Huyu alipanga nyumba katika mtaa wetu wa Mbotela, safu moja na yangu, akateka maji kwenye bomba letu na kuanika mashati yake meupe kwenye kamba yetu. Watu walipomwuliza kwa nini hakai na wenzake, alishangaa swali. "Shule iko hapa," alisema. "Miguu yangu iko hapa. Sasa mimi nikae wapi?"

Mkewe alibaki kwao akiwaangalia wazazi, akawa anakuja wakati wa likizo ndefu. Kwa hiyo miezi mingi alijipikia. Kila Jumamosi alitembea hadi Pumwani, mwavuli mweusi umening'inia kwenye ukosi wa shati nyuma ya shingo, kutafuta vitu vitatu ambavyo Mbotela haikuwa navyo vya kumridhisha: nazi, muhogo na samaki mkavu. Wanawake wa Majengo, mtaa wa Waislamu humo Pumwani, walimpenda kwa sababu hakubishana bei. Alibishana nazi yenyewe. Aliitikisa sikioni, akafumba macho, akairudisha. "Hii imelala," alisema. Akachukua nyingine. "Hii inaongea." Muhogo alikula kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima. Kwao, alisema, muhogo na samaki ndicho chakula cha mtu aliyerudi nyumbani, na kama Mungu angekuwa na haya angeukataza usiote nchi nyingine.

Kiswahili chake alikiokota kote kote. Wanawake wa Majengo walimpa "ahsanta" na "inshallah". Wanafunzi walimpa Sheng', ambamo kijana ni "chali". Mimi nilijaribu kumpa sarufi. Matokeo yake ni kwamba mvulana aliyechelewa darasani aliambiwa kwa upole mkubwa, "Wewe chali yangu, ahsanta sana kwa kuja. Kesho, inshallah, njoo leo." Darasa lilicheka, lakini mvulana hakuchelewa tena.

Ngeli ndizo zilizotugombanisha. Kwake vitu vyote vilikuwa vya ngeli moja: kitabu yangu, mti yangu, chakula yangu. Siku moja katika chumba cha walimu uvumilivu ulinishinda.

"Mwalimu, ni kitabu changu. Changu!"

"Madam," alisema, akiweka chini kikombe, "mtaa mzima inasema kitabu yangu. Dereva wa basi anasema. Mwenye duka anasema. Mkuu wa shule pia, akikasirika. Wewe peke yako unasema changu. Kwa sayansi, kama kipimo mia inasema hivi na moja inasema vile, tunaangalia ile moja. Pengine imeharibika."

Walimu wenzangu walipiga meza kwa kicheko. Nilikasirika mpaka saa nne, kisha nikaanza kucheka peke yangu nikiwa ubaoni.

Ilimchukua mtaa muda kuamini kwamba alikuwa Mkristo. Mzee wa kanisa letu, mtu wa Machakos aliyekuwa karani wa reli na aliyependa sana kuokoa watu, alimwendea Jumapili moja na Biblia kwapani, tayari kumtoa gizani. Mwalimu alimkaribisha, akampa chai ya tangawizi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, kwetu kanisa ni ya zamani kuliko hii mji. Babu ya babu ya babu yangu alikuwa anabatizwa." Mzee hakuamini. Alikwenda akamwuliza mchungaji, mchungaji naye akauliza kwingine, na baada ya majuma kadhaa mzee alirudi akiwa amevua kofia. "Kumbe ni kweli," alisema. Tangu siku hiyo waliketi benchi moja kanisani, wakapingana juu ya kila kitu kuanzia mahubiri hadi namna ya kukunja mwavuli.

Mizimu hakuiamini. Hilo alilisema waziwazi, katika mtaa ambao kila mtu, wa kanisa na wa msikiti, alikuwa na kisa kimoja cha kusimulia. Kulipokuwa na habari kwamba maabara ya shule ina kitu kinachokwaruza darini jioni, na mfagiaji akakataa kuingia, yeye alipanda ngazi mwenyewe huku kidato cha tatu kizima kimeshikilia miguu ya ngazi. Akashuka amevaa utando wa buibui kichwani. "Pepo imezaa," alitangaza, akafungua koti. Ndani kulikuwa na paka wachanga.

Lakini mtu huyo huyo hakupiga mluzi ndani ya nyumba baada ya jua kutua. Ukipiga chafya wakati yeye anatoka mlangoni, alirudi, akaketi, akanywa maji, ndipo akaondoka upya. Hakumvuka mtu aliyenyoosha miguu. Nilimkamata siku moja amerudi kuketi kwa sababu ya chafya yangu.

"Mwalimu, wewe si ulisema haya ni upuuzi?"

"Ni upuuzi kabisa."

"Basi mbona umerudi?"

"Hii si imani, Madam," alisema. "Hii ni mama yangu."

Kusema kweli kulimgharimu. Jirani mmoja, mlevi wa kelele nyingi, alipofariki, kila aliyesimama makaburini alimsifu mpaka watoto wake wakatazamana. Mwalimu alipoombwa neno alisema, "Alikuwa jirani yangu. Alikuwa anapiga kelele sana. Sasa kumenyamaza, na mimi nasikia vibaya." Kulikuwa na minong'ono kwamba Mhindi hana adabu ya msiba. Lakini mjane alilia hapo kwa mara ya kwanza, na baadaye alituambia kwamba hao wengine walikuwa wakimzika mtu ambaye yeye hamjui.

Nimeanza na haya yote ili msomaji ajue alikuwa mtu wa namna gani kabla sijasimulia habari ya sinema.

Kati ya nyumba yangu na yake alikaa Mama Mutua. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache, vumbi la mpingo daima kwenye nyusi. Mutua ndiye aliyekuwa mtoto wao wa pekee, kijana aliyekuwa ametoka shule karibuni na kuanza kujifunza kazi ya baba yake. Alikuwa mcheshi wa safu yetu. Angeweza kuiga kikohozi cha mzee wa kanisa nyuma ya ukuta mpaka mke wa mzee amjibu. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na Mwalimu alikuwa akisema kwamba katika fizikia Mutua ni sifuri lakini katika kuishi amepita wote.

Mutua alikufa barabarani, akirudi kutoka Ukambani na lori la magogo ya kuchonga. Lori lilipinduka mteremkoni. Yeye alikuwa ameketi juu ya mzigo.

Siku ya matanga nyumba ilijaa watu na maneno. Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Yuko mahali pazuri. Ua zuri huchumwa mapema. Mama Mutua aliketi mkekani akiyapokea yote bila kupepesa. Mwalimu alipoingia alivua viatu, akakaa chini ukutani. Alikaa muda mrefu. Kisha mama mwenyewe akamgeukia mbele ya watu.

"Mwalimu, wewe umesoma sana. Niambie. Mtoto wangu yuko wapi?"

Mzee wa kanisa alikuwa tayari amefungua mdomo kusaidia.

"Mama," Mwalimu alisema, "mimi sijui."

Watu waliguna. Mama Mutua alimtazama, akaitikia kwa kichwa, kisha akarudisha uso wake mkekani. Mwalimu alibaki pale pale mpaka watu wakaondoka.

Baada ya mazishi, Mama Mutua aliendelea kumpakulia mwanawe. Kila jioni aliweka sahani ya tatu mezani, ugali na mboga, kijiko juu yake, ameifunika kwa bakuli. Asubuhi aliwapa kuku. Mwanzoni tuliona ni uchungu tu, utapita. Haukupita. Yeye mwenyewe hakuwa akila chochote cha maana. Alionja tu wakati wa kupika, akawa mwembamba hadi kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Mumewe alikula akiwa ameinamia sahani yake, asiitazame ile ya tatu.

Kisha maneno yakaanza. Mtu alisema anamlisha pepo. Mwingine alisema sahani huwa tupu asubuhi. Mwingine akasema amesikia kicheko cha kijana nyuma ya ukuta. Wanawake wa chama cha kanisa waliokuwa wakikutana kwake Alhamisi walihamisha mkutano. Akina mama waliwakataza watoto wasicheze mbele ya mlango wake. Mwisho ikawa inasemwa wazi bombani kwamba familia ile ihame, safu isafishwe, iombewe.

Mzee wa kanisa alimtuma mke wake azungumze naye, akazungumza. Mchungaji alizungumza. Dada zake walisafiri kutoka Kangundo wakazungumza. Wote walimwambia aondoe sahani. Yeye aliwasikiliza, akawakaribisha chakula, na jioni akaiweka tena.

Mwalimu alifanya alichojua kufanya. Aliomba ruhusa ya mume wa Mama Mutua, akaenda kwao jioni akaitazama sahani ikiwekwa. Asubuhi, kabla ya kuku, akarudi akaitazama tena. Alifanya hivyo juma zima. Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana.

"Mimi nimeangalia," alisema kwa sauti ya darasani. "Chakula ya jioni, asubuhi iko pale pale. Hakuna mtu anakula. Hakuna pepo. Kuna mama tu."

Nilidhani neno hilo lingetosha. Halikutosha. Watu wakiogopa hawataki vipimo.

Sinema ilikuja mwaka uliofuata. Watu wa Kerala waliokuwa Nairobi, wauguzi na walimu na wahasibu, walikuwa wamechanga wakaagiza filamu ya kwao kwa ajili ya sikukuu yao, filamu ya Kimalayalam, ya kuchekesha, juu ya mzimu mwema. Mwalimu aliiona huko akacheka mpaka, alivyoniambia, mbavu zake zikawa chini ya nusu. Akaomba aazimwe mikebe ile ya filamu kabla haijarudishwa. Shule ilikuwa na projekta ya kuonyeshea filamu za sayansi. Ukumbi wa mtaa ulipatikana Jumamosi mchana. Kilichobaki ni lugha, maana hakuna Mbotela nzima aliyejua neno moja la Kimalayalam isipokuwa yeye.

"Mimi nitasema kwa Kiswahili wao wakisema kwa yao," aliniambia. "Lakini Madam, nisaidie. Huyu mtu mkubwa wa sinema ni nani kwa Kiswahili? Amekufa. Lakini iko. Anakaa jikoni, anacheka, anasaidia watu."

"Mzimu," nikasema, kisha nikajirudi. "Hapana. Ukisema mzimu, Wakamba watafikiria watu wao wa kale, na hao hawachekwi."

"Jini?"

"Watu wa Majengo watakuuliza ni jini la nani na limetumwa kwa nani."

"Pepo?"

"Pepo ndilo tayari wanalomsingizia jirani yako."

"Shetani?"

"Mzee wa kanisa atang'oa waya ukutani."

Alikuna kichwa. Nikamwuliza, "Ana umri gani?"

"Alikuwa anapanda minazi. Akaanguka. Kama wale wetu wa kidato cha nne."

"Basi mwite kijana."

"Kijana," alirudia, akaijaribu mdomoni kama nazi sikioni. "Nzuri. Kijana wa jikoni."

Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo hakulala, lakini si kwa sababu ya projekta. Ijumaa jioni alikuwa amebisha mlango wa Mama Mutua. Nilikuwa nje naanua nguo, nikasikia.

"Mama, kesho iko sinema. Watu watacheka. Mimi sijui kama wewe unataka kucheka. Lakini kiti iko."

Mama Mutua alifunga mlango polepole.

Siku ya sinema madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi tuliyoazima nyumba kwa nyumba, na shuka mbili za Mwalimu zikashonwa pamoja kuwa pazia. Watu walijaa mpaka wengine wakaketi juu ya meza ya mpira. Mzee wa kanisa alikuja mapema, akachukua kiti cha mbele kabisa, Biblia magotini. Alikuwa amesikia habari ya sinema ya mapepo na alitaka awe karibu nayo. Mimi niliketi nyuma, kando ya projekta, ambapo Mwalimu alisimama na kipaza sauti. Taa zilikuwa zinakaribia kuzimwa nilipomwona Mama Mutua akiingia na mumewe, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Waliokuwa jirani na kiti hicho walisogea. Akajifanya hakuona.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bwana mmoja bahili ana nyumba kubwa na jiko kubwa. Kijana aliyekuwa akimpandia minazi ameanguka akafa, na kwa kuwa hakuwahi kushiba katika nyumba ile, amerudi kukaa juu ya dohani. Mpishi mke, mjane, ndiye pekee anayemwona. Kijana anamsaidia: anakoroga sufuria, anaficha meno bandia ya bwana, anawafungulia ng'ombe wale mboga za bwana siku ya wageni wakubwa. Lengo lake ni moja, binti wa mpishi aolewe na mtu anayempenda, asiozwe kwa rafiki mzee wa bwana.

Mwalimu alizisema sauti zote. Mpishi alipata sauti ya wanawake wa Majengo, bwana bahili akapata sauti ambayo kila mwanafunzi aliitambua mara moja kuwa ya mkuu wa shule. "Wacha! Buda amechomeka!" walipiga kelele vijana waliokuwa juu ya meza, yaani mzee ameumbuka, meno ya bwana yalipoonekana yakielea kwenye mchuzi. Mganga aliletwa kumfukuza kijana, akafukuzwa yeye na ufagio wake mwenyewe mpaka akaingia kwenye chungu cha mchele akakwama. Hapo mzee wa kanisa alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa Biblia, kikamtoka puani, kofia ikaanguka, na alipoinama kuiokota hakuweza kuinuka.

Nikageuka kumtazama Mama Mutua. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilishtuka nikidhani analia. Kisha kanga ikashuka nikaona meno yake. Mumewe hakuwa anatazama sinema hata kidogo. Alikuwa anamtazama yeye.

Ilipofika sehemu ya mwisho, harusi ilikuwa imeshafanyika na wageni wameondoka. Nilikuwa najua kutoka kwa Mwalimu kwamba kijana sasa angeondoka, maana kazi yake imekwisha. Ilisikika projekta tu ikizunguka. Mwalimu hakuwa anasema kitu.

Ndipo sauti ya Mama Mutua ikatoka nyuma, si kubwa, lakini kila mtu aliisikia.

"Anaenda wapi?"

Vichwa viligeuka. Nilimtazama Mwalimu. Mwanga wa projekta ulikuwa unamgusa shavuni.

"Mwalimu. Kijana anasema nini? Anaenda wapi?"

Nilingoja aseme hajui. Nilikuwa na hakika atasema hajui.

"Anasema," alianza. "Anamwambia mpishi hivi. Anasema, 'Mama, nimeshiba. Siku zote hizi nimeshiba. Chakula cha leo usiniwekee. Ukile wewe.'"

Hakukosea ngeli hata moja. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, ndicho kitu nilichokisikia kwanza, na nikajua hapo hapo kwamba maneno hayo aliyapanga polepole kichwani mwake, moja baada ya jingine, na kwamba hayakutoka kwenye filamu. Mtu ambaye hakuweza kusema "nzuri" kama si nzuri alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima akidanganya.

Filamu ilikwisha, mkia wake ukawa unapigapiga kwenye mashine, na Mwalimu hakuizima. Nilinyoosha mkono nikazima mimi. Mablanketi yaliposhushwa na jua kuingia, Mama Mutua alikuwa ameshaondoka.

Jioni hiyo, jua bado halijatua, nilitoka kuteka maji. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kizingitini, sahani mapajani, anakula. Alikula polepole, kama mtu anayejifunza upya, tonge ndogo ndogo, anatafuna na kutazama mbele. Mumewe alikuwa ameketi chini kando yake, mgongo ukutani. Watu walipita kwenda bombani, wakamwona, wakamsalimia. Aliwaitikia. Mke wa mzee wa kanisa alipita, akasimama, akarudi, kisha akavuta kigoda akaketi hapo bila kualikwa. Tangu siku hiyo hatukusikia tena habari ya kuhama. Mzee mwenyewe alipoulizwa kuhusu sinema alisema ilikuwa ya mafundisho.

Jumatatu nilimwuliza Mwalimu kama kijana alisema maneno yale kweli. Alijaza kalamu yake wino, akaifuta, akaijaza tena.

"Madam, tafadhali, swali hiyo usiniulize."

Mtaa ulimwomba aonyeshe sinema tena. Alikataa. Alisema imerudi kwa wenyewe. Kwa miezi kadhaa alikuwa mtu wa chini ya nusu, na mlinzi wa lango akawa anambebea mkoba kila siku. Mama Mutua alimpelekea uji, naye aliupokea huku anatazama miguu yake.

Miaka ilipita. Mkewe alikuja kukaa moja kwa moja, wakahamia Fedha, huko Embakasi, kwenye nyumba mpya yenye bustani ndogo ambapo Mwalimu alipanda muhogo hadi ukutani. Nami nilihamishiwa shule nyingine. Mwishoni mwa miaka ya themanini nikapata habari kwamba mkataba umekwisha na wanarudi kwao kabisa. Nikampitia Mama Mutua, tukaenda pamoja kumuaga. Mama alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi, na amebeba kifurushi cha kitambaa: nazi iliyochongwa kwa mpingo, kazi ya mumewe.

Tulimkuta Mwalimu kati ya masanduku. Alikuwa amezeeka haraka, kama wafanyavyo watu wembamba. Aliitikisa ile nazi ya mpingo sikioni, akatabasamu. Mkewe alituletea chai na muhogo wa kuchemsha, akarudi jikoni. Tuliongea habari za safari, za walimu waliokufa, za mtaa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "iko kitu moja mimi siwezi kubeba kwa ndege. Ile siku ya sinema."

"Najua," Mama Mutua alisema.

"Hapana, wewe hujui. Yale maneno ya kijana..."

"Mwalimu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa."

Alimtazama. Mimi pia nilimtazama, kwa sababu siku ile sikuwa nimelitazama pazia. Nilikuwa namtazama Mwalimu.

"Yule kijana hakusema kitu," Mama Mutua aliendelea, bila ukali. "Alisimama tu mlangoni akimwangalia yule mama, midomo imefungwa hivi. Kisha akaenda zake. Ukumbi wote ulimwona. Sisi hatukujua Kihindi chenu, lakini macho tulikuwa nayo."

"Wote?"

"Wote. Mzee wa kanisa mwenyewe alikuwa mbele kabisa."

Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo. "Basi, Mama, kama ulijua ni uongo, kwa nini ulienda ukala?"

Mama Mutua alifikiri. Alikunja kile kitambaa cha kifurushi, akakikunja tena mpaka kikawa mraba mdogo.

"Watu wote walikuja kwangu," alisema. "Mchungaji, dada zangu, hata mume wangu kwa macho. Wote waliniambia niondoe ile sahani. Hakuna aliyeniambia nile."

Mwalimu alivua miwani yake akaiweka juu ya sanduku. Bila miwani hakuona mbali, lakini uso wake aliuelekeza upande alikoketi mama, akabaki hivyo. Mama Mutua alisogeza sinia ya muhogo katikati yetu, akachukua kipande, akaanza kuchomoa uzi wake wa ndani. Tulikula. Nje watoto wa Fedha walikuwa wanagombania mpira, na mkewe akatokea mlangoni kuuliza kama aongeze chai. Mwalimu alisema aongeze, kwa wote.